Kadi na Kandili

Bibi alipouliza swali lake la kwanza, mwanafunzi alikuwa hata mkoba wake hajaufungua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, uani, katika nyumba moja ya Mtaa wa Mafia, Kariakoo. Mbele yake palikuwa na sinia la mchele, na nyuma ya sinia bibi kizee mwenye vidole vyepesi, akichambua chuya pasi na kuzitazama. Salamu zilikwisha kupita. Shikamoo ilikwisha kupokewa kwa marahaba, halua ya Unguja ilikwisha kuingizwa ndani, na nasaba ilikwisha kuulizwa hadi kwa babu mzaa babu, kama ilivyo ada ya pwani. Barua ya Chuo yenye muhuri iliwekwa juu ya kigoda. Haikusomwa, wala haikuonekana kwamba ingesomwa.

“Hayo nitakayokwambia, mwanangu, utayaandika kwa lugha gani?”

“Kwa Kiingereza, bibi. Ndio utaratibu wa idara.”

Bibi alitoa chuya moja, akawatupia kuku. “Na nyimbo je? Nazo utaziimba kwa Kiingereza?”

Ilikuwa katikati ya mwaka 2023. Ndani ya mkoba mlikuwa na dodoso la maswali thelathini na mbili, yaliyopitiwa na kamati na kusahihishwa mara tatu. Hilo la lugha halikuwamo.

Mwanafunzi huyo alikuwa binti wa Mwembetanga, aliyekulia katika nyumba ambamo shairi lililosomwa redioni lilikosolewa vina vyake kabla ya chai kupoa. Alivuka bahari kwenda kusoma shahada ya uzamili ya historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akachagua kuandika tasnifu juu ya nyimbo za vikundi vya ngoma vya wanawake wa mji huo na harakati za TANU, baina ya mwaka 1955 na 1965. Ni mada nzuri. Wanafunzi wenyewe husema kwamba mada nzuri ndiyo inayoua, kwani mada mbaya mtu huimaliza upesi ili aachane nayo.

Kibali chake cha utafiti kilikaa wiki tisa katika ofisi moja ya mjini, juu ya meza ambayo mwenyewe alikuwa safarini. Katika wiki hizo tisa alijifunza mji kwa miguu. Akishuka Mlimani kwa daladala, akipanda mwendokasi hadi Msimbazi, kisha akitembea: Narung’ombe, Kongo, Sikukuu, Mchikichi, Tandamti, Mkunguni. Msomaji aliyewahi kupita mitaa hiyo saa nne za asubuhi anajua kwamba hapo mtu hatembei, hutembezwa. Wachukuzi wa mizigo huomba njia kwa sauti moja na mbinja mbili, vitenge hutandazwa juu ya lami, na kila ukuta una mlango na kila mlango una duka, na ndani ya duka mna duka jingine.

Soko lenyewe siku hizo lilikuwa limezungushiwa mabati. Lile jengo la mapaa yaliyokaa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, yanayokusanya maji ya mvua, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Nalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mafundi walikuwa kazini, na vumbi lao lilianguka juu ya nyanya za wale waliosogezwa pembeni. Jina la mahala hapo ni kumbukumbu ya msiba wa zamani zaidi. Mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji kwa Wajerumani, walikusanya hapo wapagazi wa jeshi, hao waliokuwa wakiitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikalitengeneza jina hilo hata likawa letu. Wapagazi waliokufa katika vita vile hawana mnara wenye majina yao. Wana soko. Mwanafunzi aliandika hivyo katika daftari lake, kisha akalifuta, kwa kuwa aliona linapendeza mno kuwa la tasnifu.

Kulikuwa na jambo jingine alilolifurahia peke yake. Chuo Kikuu kinachojivunia kilima chake hakikuzaliwa kilimani. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, hapo hapo Kariakoo, na kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa hiyo kila aliposhuka kwenda Kariakoo kutafuta wazee, alikuwa akirudi chuoni. Wakubwa zake wa idara, aliowaambia jambo hilo kwa furaha, walilisikiliza kwa adabu.

Kibali kilipotoka alikwenda kwanza Upanga, Mtaa wa Vijibweni, ziliko Nyaraka za Taifa. Huko alikaa miezi mitatu. Kwa mtu asiyewahi kusoma mafaili ya serikali ya kikoloni ni vigumu kueleza uzuri na uchovu wa kazi hiyo. Faili hufunguliwa kwa uzi, karatasi zina rangi ya chai, na harufu yake hubaki viganjani hata baada ya kunawa. Mtu husoma barua arobaini za mfereji uliozibika ili apate sentensi moja ya mwanamke aliye hai.

Ngoma ilikuwamo katika mafaili, tena kwa wingi, lakini iliingia humo kama mhalifu anavyoingia mahakamani. Ilitajwa kwa vibali, kwa saa za mwisho za usiku, kwa malalamiko ya kelele kutoka kwa watu waliolala upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Hapana karani aliyeandika kilichoimbwa. Na kwa nini aandike? Mji ulikuwa umegawanywa tangu miaka ya 1920 katika kanda tatu, ya Wazungu baharini, ya biashara na Wahindi katikati, na ya Waafrika huku Kariakoo na baadaye Ilala, na ule uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uliachwa makusudi uwe mpaka. Sauti ilivuka mpaka huo, maneno hayakuvuka. Anayesikia sauti pasi na maneno huandika neno “kelele”.

Mwaka 1948 watu wa mji huo walihesabiwa wakawa elfu sitini na tisa na ushei. Mwaka 1957 walikwisha kupita 128,000. Kati ya hesabu hizo mbili ndiko kuliko tasnifu yote ya mwanafunzi wetu. Kariakoo ilifurika wageni wa bara na wa pwani, vyumba vya nyumba za Kiswahili vikapangishwa kimoja kimoja, watu sita, saba, wanane. J.A.K. Leslie, aliyetumwa na serikali kuuchunguza mji mwaka 1956 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, alikuta kwamba wanawake waliomiliki nyumba hawakuwa wachache. Mwanamke aliyeachwa na mume akabaki na nyumba alikuwa na kodi, alikuwa na baraza, alikuwa na wapangaji wa kumsikiliza. Na akiwa na ngoma, alikuwa na watu wa kumfuata.

Ndipo anapoingia Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa mwaka 1926, na kabla ya kujulikana kwa siasa alijulikana kwa koo. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 ikiwa chama cha wanaume wenye kalamu, na wengi wa wenye kalamu walikuwa watumishi wa serikali waliokatazwa siasa. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam, aliuliza: wanawake wenu wako wapi? Bibi Titi akawa jibu. Hakwenda kutafuta wanawake mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake, na katika muda wa miezi mingapi tu ya mwaka huo wanachama wanawake wakahesabiwa kwa maelfu. Wanahistoria wa nchi nyingine hutafuta mizizi ya vyama katika viwanda na magazeti. Hapa mtu atafute pia katika orodha ya waliochanga sare ya ngoma.

Yaliyomfika baadaye Bibi Titi yanajulikana: ubunge, cheo serikalini, kujiuzulu katika chama mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi nyumba za kupangisha, kukamatwa mwaka 1969, kifungo cha maisha mwaka 1971, kuachiwa mwaka 1972, ukimya mrefu, na kifo mwezi wa Novemba mwaka 2000. Barabara kubwa inayopita ukingoni mwa Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1984 alimsimulia maisha yake mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, na simulizi hiyo ndiyo moyo wa kitabu kilichotoka mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU. Ni kitabu kikubwa, chenye heshima kwa watu wake, na pasi na hicho mwanafunzi asingekuwa na mada. Ila kimeandikwa kwa Kiingereza. Bibi Titi alisema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, na anayetaka kumsoma hukutana naye kwa lugha ambayo majirani zake wa Kariakoo hawakuwa wakigombana wala kuombana chumvi kwayo.

Siku moja mwanafunzi alifanya jambo ambalo baadaye alilicheka. Alichukua kurasa mbili za maneno ya Bibi Titi, akayarudisha katika Kiswahili kwa uangalifu mkubwa, akaenda kumsomea bibi wa Mtaa wa Mafia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kichwa kikiwa kimeinama.

“Mambo ni yake,” alisema. “Lakini Titi hakuwa na maneno marefu hivyo. Titi alikuwa anakata.”

Na akaonesha kwa mkono jinsi Titi alivyokuwa akikata.

Kosa, bila ya shaka, lilikuwa la mwanafunzi na kamusi yake. Lakini tangu siku hiyo lile swali la kwanza lilianza kumla. Alikuwa akizioanisha sauti za wazee na karatasi za Vijibweni ili azipeleke zote mbili katika lugha ya tatu, na huko, baada ya kukubaliwa na watahini, zitawekwa katika jalada jeusi. Mwenye wimbo hatajua kama wimbo wake umefika salama.

Katika chumba cha East Africana, ndani ya maktaba ya Chuo, alikuwa na kitabu alichokuwa akikirudia pale moyo unapolegea. Ni *Modern Tanzanians*, kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1973, mkusanyiko wa maisha ya Watanzania ulioandikwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa wanafunzi. Humo mna sura ya Daisy Sykes Buruku juu ya babu yake, Kleist Sykes. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, mwana wa askari wa asili ya Kizulu aliyeletwa na jeshi la Wissmann mwaka 1889. Alipigana upande wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, akafanya kazi Reli chini ya Waingereza, akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika mwaka 1929 na wa Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933, akafariki mwaka 1949. Kabla ya kufa aliandika mwenyewe khabari za maisha yake, na mjukuu, alipokuwa mwanafunzi, alizitumia karatasi hizo. Huyo alikuwa na bahati kubwa, kwani faili lake lilikuwa nyumbani kwao.

Lakini babu yule alijua kuandika. Bibi wa Mtaa wa Mafia alikuwa na juzuu zake za chuoni, na kumbukumbu. Mwaka 1955 alikuwa mwanamwali aliyeolewa karibuni, akiitikia katika safu ya nyuma ya kikundi kilichokwisha kusahauliwa jina lake na wote ila yeye. Aliimba kwa sababu shangazi yake aliimba. Alinunua kadi ya TANU kwa sababu shangazi yake alinunua. Mwanafunzi alipomwuliza kuhusu itikadi ya ukombozi, swali la kumi na saba katika dodoso, bibi alimwuliza kama amekula.

Kulikuwa pia na kidonda cha zamani. Miaka mingi nyuma alikuja mtafiti mmoja, mgeni, mtu mwenye ucheshi, akaazima picha ya kikundi kizima wakiwa wamevaa sare, akaahidi kuirudisha kwa posta. Bibi hakumbuki jina lake wala nchi yake, anakumbuka viatu vyake tu. “Mimi si mtu wa kulaani,” alisema, “lakini katika picha ile shangazi yangu alikuwa amecheka, na hakuwa mtu wa kucheka mbele ya picha.” Mwanafunzi aliandika barua tano kwa maktaba za nje. Mbili zilijibiwa, kwa upole. Picha haikupatikana.

Pengine kwa ajili ya barua hizo tano, ambazo bibi alitaka asomewe moja moja, ndipo alipokubali kuimba. Simu iliwekwa juu ya mkeka kunasa sauti, na kwa muda wa juma sita, kila Jumamosi baada ya alasiri, nyimbo kumi na moja ziliingia ndani yake pamoja na honi za Msimbazi, kilio cha mashine ya kukatia chuma ya jirani na adhana. Sauti ya bibi ilikuwa imekauka juu lakini chini ilikuwa bado na maji. Alipofika kiitikio alinyamaza na kumtazama mwanafunzi, hata akajua kwamba anatakiwa aitikie.

Katika wimbo wa saba aliimba ubeti wa tatu, akakoma, akasema: “Huo usiuandike.” Ulikuwa ubeti wa kijembe, umemtaja mwanamke kwa jina la mzaha na kwa kosa la kweli. Mwanamke huyo alikwisha kufa siku nyingi, lakini wajukuu zake walikuwa wamepanga chumba cha tatu mkono wa kushoto, mle mle ndani ya nyumba, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimletea bibi maji. Msimamizi wa tasnifu, mtu makini na mwema, alishauri jina libadilishwe na ubeti ubaki, kwani ulikuwa ushahidi bora kuliko wote wa jinsi ngoma ilivyohukumu tabia. Alikuwa na haki yake ya kusema hivyo. Mwanafunzi hakuuweka. Ila alikataa pia kuzipanga upya namba za beti, na hadi leo wimbo wa saba una ubeti wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano.

Wimbo uliomfurahisha zaidi ulikuwa wa tisa. Mapema mwaka 2024, akiunakili kwa vipokea sauti vya masikio usiku bwenini, alisikia katika kipande cha mwisho cha ubeti wa kwanza neno “kadi”. Mwanamke anamwambia mumewe kwamba anatoka usiku na hatarudi mapema, na kwamba hahofii giza, anayo kadi yake mkononi. Hapo pana mwanamwali wa Kariakoo, pana usiku, pana kadi ya chama inayomwangazia njia! Sura nzima ya tatu ilijengwa juu ya neno hilo. Kurasa arobaini na mbili zilieleza namna wanawake wasiojua kusoma walivyoigeuza karatasi ya uanachama kuwa taa. Msimamizi aliisoma sura hiyo, akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima: vizuri sana.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa madukani. Mwanafunzi alikuwa Unguja siku hiyo. Alipiga simu ya mjukuu wa bibi tangu saa nne hadi usiku, na simu haikupokewa, naye akatazama runinga pamoja na wote waliokuwa wakitazama, jinsi watu walivyochimba kwa mikono na kuzungumza na walio chini ya kifusi. Baada ya isha ndipo mjukuu alipopokea. Nyumba ya Mtaa wa Mafia ilikuwa salama. Bibi alikuwa salama. Mjukuu mwenyewe alikuwa huko tangu asubuhi, akichimba. Wengine hawakuwa salama, na mwanafunzi aliona haya kwa jinsi alivyoshusha pumzi.

Lakini msiba ule uliharakisha jambo lililokuwa likisubiri. Nyumba ya udongo na mabati katikati ya maghorofa mawili si makazi, ni kiwanja. Warithi walikuwa tisa, na mnunuzi alikuwa na subira ya miaka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iliuzwa. Bibi alihamishiwa Mbagala kwa mtoto wa dada yake, na sinia lake, na kigoda chake, na kuku wawili waliosalia. Mwanafunzi alipopita Mtaa wa Mafia mwezi wa Aprili alikuta shimo lenye maji ya mvua na nondo zilizosimama, na bango la picha ya jengo la kioo.

Alikwenda Mbagala na nakala ya nyimbo zote kumi na moja, zimechapwa kwa herufi kubwa ingawa bibi hakusoma, zimefungwa kwa utepe. Alikuwa ameshinda vita vidogo katika idara: tasnifu ingebaki ya Kiingereza, lakini nyimbo zingewekwa mwishoni kwa Kiswahili, kamili, bila ya tafsiri pembeni, na atakayetaka kuzielewa ajifunze. Ilibaki mwenyewe azisikie na kuziridhia.

Bibi alikuwa amepungua. Mbagala kulimpa hewa na kukamnyima sauti za mtaa, na alisema kwamba usiku halali kwa ajili ya kimya. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza kusomwa, alijiinua, akanyosha mkono wa kulia juu ya paja, na vidole vikaanza kuhesabu. Mwanafunzi aliufahamu mkono huo. Nyumbani kwao Mwembetanga baba yake alihesabu vivyo hivyo mbele ya redio. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tano bibi alisahihisha jina la mtaa. Katika wa saba, pale palipokosekana ubeti, alitikisa kichwa kidogo, akasema, “Ahsante.”

Katika wimbo wa tisa, ubeti wa kwanza, kipande cha mwisho, vidole vilikoma.

“Rudia.”

Akarudia.

“Hapo hapajatimia. Ni minane, wewe umesoma saba.”

Mwanafunzi alihesabu mwenyewe. Ni kweli zilikuwa silabi saba. Alikuwa amekipita kipande hicho mara mia kwa macho ya mwanahistoria, na hata mara moja hakukipitia kwa sikio alilolelewa nalo.

“Si kadi,” bibi alisema. “Kandili. Anatoka na kandili yake mkononi. Huo ni wimbo wa shangazi, wa kwenda ngomani, ulikuwapo kabla ya TANU, kabla ya mimi kuvunja ungo. Nani aliyekwambia kadi?”

Kurasa arobaini na mbili zilikaa kimya ndani ya mkoba. Nje, mtoto alikuwa akisukuma tairi. Mwanafunzi alitoa simu, akatafuta sauti ya ile Jumamosi ya mwaka 2023, akaicheza, na wote wawili wakaisikiliza, vichwa vikiwa vimekaribiana. Honi, mashine ya chuma, kisha sauti ya bibi yenyewe. Na katika kipande kile cha mwisho sauti iliimba wazi, bila ya shaka yoyote, neno lenye “di” na lisilo na “li”. Ila “a” yake ilikuwa imevutwa, ndefu, mahala pa silabi mbili.

Bibi alicheka. Alicheka hata akashika ubavu.

“Kumbe nilikuimbia ile,” alisema. “Basi ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Akiwapo askari au mume wa mtu, kandili. Wakishaondoka, kadi, unaivuta kidogo ikae. Wewe si ulikuwa umekuja peke yako?”

Mwanafunzi hakujibu mara moja. Maelezo hayo yaliiokoa sura yake ya tatu na kuifanya bora mara mbili, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Bibi alikuwa amemwona uso ulivyobadilika. Bibi alikuwa mtu wa ngoma, aliyezoea kutengeneza neno papo kwa papo ili mwenzake asianguke katikati ya uwanja. Je, kadi iliimbwa kweli mwaka 1955, askari akishapita? Au ilipenya miaka ya baadaye, kumbukumbu ya chama ilipomeza kumbukumbu ya shangazi? Au ilizaliwa pale pale uani, Jumamosi moja, kwa ajili ya binti mgeni aliyeandika barua tano, ambaye kila swali lake lilikuwa na neno TANU ndani yake? Wa kuulizwa walikuwa katika ile picha iliyochukuliwa na mtu mwenye viatu.

“Bibi,” alisema hatimaye, “niandike lipi?”

“Wewe ndiye msomi.”

“Lakini lipi ndilo la kweli?”

Bibi alimtazama kwa muda, kwa ile huruma wanayokuwa nayo wazee kwa watu waliosoma sana.

“Yote mawili yana minane,” alisema. “Endelea na wa kumi.”

Mwanafunzi aliandika juu ya “kadi” neno “kandili”, bila ya kulifuta la chini, akatia alama ya kuuliza ndogo, kisha akaikata alama hiyo, kisha akairudisha. Akageuza ukurasa. Vidole vya bibi vilikwisha kunyooka tena juu ya paja, vikisubiri.